Kisu cha jikoni cha zawadi: kutoka springi ya gari hadi makali

Kabla hujagusa chuma, mwangalie huyo unayetaka kumpa kisu akikata kitunguu. Wapishi wengi wa kwetu hukishika kitunguu kiganjani na kukikatia hewani juu ya sufuria, makali yakija kuelekea dole gumba. Mtu wa namna hiyo ukimpa kisu cha sentimita 18 atakushukuru kwa adabu, atakifungia kabatini, na kesho utamkuta na kile kile chake cha mpini wa plastiki. Yeye anataka bapa la sentimita 12 au 13, jepesi, lenye mgongo uliolainishwa kwa sababu vidole vyake ndivyo vinavyoukandamiza. Kisu kirefu ni cha anayekatia ubaoni.

Vipimo vya hapa ni vya kisu cha ubaoni: bapa sentimita 18, kimo milimita 45 kwenye kisigino, pale makali yanapoishia karibu na mpini, ili vifundo vya vidole visigonge ubao, mgongo milimita 2.5 karibu na mpini ukipungua taratibu hadi 1.5 karibu na ncha, na msuka, ule mkia wa chuma unaobanwa ndani ya mpini, wa sentimita 12 wenye umbo lile lile la mpini. Kwa kisu cha mkononi punguza kimo hadi milimita 28 na mgongo hadi 2. Kazi nyingine zote ni zile zile. Urefu wa mpini upate kwenye mkono wa mwenyewe: upana wa kiganja penye vifundo, jumlisha sentimita 3. Kama zawadi ni siri, pima mpini wa kisu anachokipenda sasa.

Hesabu siku nne za kazi, na usizibane. Ikiwa ni zawadi ya kichen pati ya Jumamosi, chuma kiwe kimeshagumishwa, yaani kimepashwa moto na kuchovywa kwenye mafuta, wiki moja kabla.

Chuma

Tafuta springi bapa za gari, zile zinazopangwa moja juu ya nyingine kwenye ekseli. Aina mbili za kawaida, 5160 ya Kimarekani na SUP9 ya Kijapani, zinakaribiana sana: kaboni kati ya asilimia 0.5 na 0.65, na kromiamu chini kidogo ya asilimia 1. Hiyo kromiamu ndiyo inayokuruhusu kugumisha kwa mafuta badala ya maji, na kwa mtu wa kisu cha kwanza hiyo ni tofauti kati ya kisu na vipande viwili vya chuma. Chukua springi ya pikapu au ya basi dogo, yenye unene wa milimita 7 au 8. Ya lori ni nene mno, utamlipa mhunzi mara mbili kwa kazi ya kuinyoosha.

Nondo haiwi kisu. Kaboni yake ni ndogo, utaipasha na kuichovya mpaka jua lizame na bado tupa itaila. Bati la geti vilevile. Chuma cha pua cha sinki au sufuria hakigumiki kwa moto, na kile cha visu vya dukani kinataka tanuri la umeme lenye kipimo. Tupa iliyochakaa ni chuma kizuri sana ila ina kaboni nyingi, inapasuka kwa kosa dogo. Iache kwa kisu cha pili.

Springi kuukuu ina ugonjwa wake: nyufa zisizoonekana, hasa karibu na tundu la boliti ya katikati na pale springi zinaposuguana. Isugue hadi ing'ae, ipake mafuta ya taa, subiri dakika kumi, ifute ikauke kabisa, kisha ipake vumbi la chaki. Penye ufa mafuta yatachuruzika kutoka ndani na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Hapo pakate, pasiingie kwenye kisu.

Kata kipande chembamba, kama kidole, cha kujaribia. Kipashe hadi sumaku isikinase, ongeza moto kidogo, kichovye kwenye mafuta, kikipoa kibane kwenye jiliwa, kifunike kwa kitambaa na ukipige nyundo. Chuma kizuri kinakatika kama kigae. Kikipinda, tafuta springi nyingine. Kikikatika, itazame sehemu iliyovunjika karibu na jicho, juani: ikiwa ya kijivu, laini kama majivu yaliyochekechwa, moto wako ulikuwa sawa. Ikimetameta punje punje kama sukari, ulizidisha moto, na kisu ukikifanyia hivyo kitamegeka makali kila kikikutana na mfupa wa kuku. Rudia kwa vipande vitatu au vinne mpaka jicho lako lijue ile rangi. Chuma cha majaribio ni bure, na hakuna somo lingine litakalokusaidia zaidi ya hili.

Kwa mhunzi

Kunyoosha springi ya milimita 7 kwa nyundo si kazi ya kujifunzia siku moja, na hakuna aibu kumlipa mwenye fuawe. Kamukunji jijini Nairobi, Gerezani jijini Dar es Salaam na Katwe jijini Kampala wapo mafundi wanaofua chuma kila siku, na kwenye masoko mengi ya wilaya hukosi mmoja anayetengeneza majembe na mapanga. Kipande cha upana wa sentimita 6 na urefu wa sentimita 16 kinatosha kisu kizima. Mwambie unataka ubao wa chuma wa sentimita 30 kwa 5, unene milimita 4, ulionyooka. Usimwache akushushie hadi 3: nyundo na magamba meusi huacha mashimo, na ile milimita ya ziada ndiyo utakayoisugua kuyaondoa.

Mambo mawili mwombe kwa upole, kwa sababu kwenye jembe hayana madhara na kwenye kisu yanayo. Asipige chuma kikishakuwa chekundu cha giza, maana hapo ndipo nyufa zinapozaliwa. Na asikipashe hadi kiwe cheupe na kutoa cheche kikiwa bado ndani ya moto, kwa sababu hicho kimeungua na hakirudi. Rangi ya chungwa inatosha.

Akimaliza kunyoosha, kipashe mara tatu hadi kidogo kupita pale sumaku inapoachia, kila mara kikipoa chenyewe hewani mpaka weusi urudi, bila upepo na bila kukiweka juu ya sakafu ya baridi. Kupoza huku kunazirudisha kuwa ndogo punje za chuma zilizovimba wakati wa kufua. Mara ya nne kifukie kwenye ndoo ya majivu makavu, ukilaze humo hadi asubuhi. Kesho yake tupa itakikata kwa raha. Ukikikuta bado kigumu, majivu yalikuwa machache au yalikuwa na unyevu, rudia.

Kukata umbo

Chora kisu kwenye boksi gumu, kikate, kishike, kikatie kitunguu cha kufikirika. Umbo likikukaa, lihamishie kwenye chuma kwa kalamu ya wino mzito. Kata kwa grenda yenye jiwe la kukatia la milimita 1, ukibakiza milimita 2 nje ya mstari, kisha malizia kwa tupa. Miwani ya kukinga macho si ya hiari: jiwe la milimita 1 likipinda ndani ya mkato linapasuka na kuruka. Usivae glavu za kitambaa kwenye drili. Drili huzikamata na kuvuta mkono pamoja nazo.

Matundu ya msuka yatoboe sasa, kwa sababu baada ya kugumisha biti itaota moto na kufa bila kuacha hata alama. Pini za mpini tutatumia fito za shaba ya njano za kuchomelea kwa gesi, zile za milimita 3.2 zinazouzwa maduka ya vifaa vya welding. Toboa matundu mawili ya milimita 4 kwenye msuka, moja sentimita 2.5 kutoka mwanzo wa mpini, jingine sentimita 2.5 kutoka mwisho. Yawe makubwa kidogo kuliko fito ili usijikute unalazimisha baadaye. Ongeza matundu mengine matatu au manne ya milimita 6 katikati: yanapunguza uzito wa nyuma na gundi hupenya ikashikana upande hadi upande.

Mteremko wa ubavu ndio unaokifanya kisu kikate. Laza biti yenye kipenyo sawa na unene wa chuma juu ya meza, laza na kisu kando yake, kisha kwaruza ncha ya biti kwenye ukingo wa makali. Itachora mstari katikati kabisa. Huo ndio mpaka ambao pande zote mbili zisiuvuke. Sugua ubavu wote, kutoka mgongoni hadi makali, upande mmoja kidogo kisha mwingine kidogo. Anayemaliza upande mmoja kwanza ndipo ageuze hupata kisu kinachokimbilia kushoto kila kikikata boga.

Acha makali na unene wa milimita 1, unene wa sarafu nyembamba. Ukiyafanya membamba zaidi kabla ya moto, yatajikunja kama karatasi wakati wa kuchovya, na kaboni ya juu itaungua ibaki ngozi laini isiyoshika makali. Ukiyaacha na milimita 2, utasugua chuma kigumu siku mbili. Maliza kwa msasa namba 120, mikwaruzo ikienda kwa urefu wa kisu; mkwaruzo mzito unaokatiza bapa ni mahali pa ufa kuanzia.

Moto

Jiko la mkaa la duara hupasha katikati ya bapa huku ncha na kisigino vikibaki vyeusi. Chimba mtaro wa sentimita 45 kwa 15, kina sentimita 15. Chini yake laza bomba la chuma jeusi lenye matundu ya milimita 5 kila baada ya sentimita 4, mwisho mmoja umezibwa, mwingine umeunganishwa na mvukuto au mashine ya kukaushia nywele. Usitumie bomba la maji lililopakwa zinki. Moshi wake mweupe huleta homa na kutetemeka usiku, mafundi wa kuchomelea wanaijua.

Juu ya mkaa uliokolea laza bomba jingine fupi la inchi mbili na nusu, nalo jeusi, ulifunike kwa mkaa. Kisu kitakaa ndani ya bomba hilo, hakigusani na mkaa wala upepo, kwa hiyo joto linakuwa sawasawa kutoka ncha hadi msuka na kaboni haiungui ovyo. Wengi huruka hatua hii kwa haraka, halafu wanashangaa kisu kigumu katikati na laini nchani.

Fanya kazi hii jioni au ndani ya banda lenye kivuli. Juani chuma chenye joto la kutosha huonekana kama bado, unaongeza, unakiunguza.

Sumaku huacha kunasa kwenye nyuzi 770 hivi. Hapo bado hujafika. Chuma cha springi kinataka kati ya 830 na 850. Kipimo cha bei rahisi kimo jikoni: chumvi ya mezani huyeyuka kwenye nyuzi 801. Weka punje chache juu ya kipande kidogo cha chuma, kilaze ndani ya bomba kando ya kisu, si juu yake. Punje zikigeuka tone linalong'aa kama machozi, umepita 800. Ongeza upepo kidogo mpaka rangi ya kisu ipande nusu daraja, kutoka nyekundu ya cheri kwenda nyekundu iliyochangamka, kisha ishikilie hapo dakika tano ukikigeuza kisu taratibu.

Mafuta yawe tayari kabla. Lita 4 au 5 za mafuta ya alizeti, ndani ya chombo cha chuma chembamba na kirefu, chenye mfuniko. Plastiki hapana. Yapashe hadi nyuzi 50 au 60 kwa kuchovya kipande cha chuma cha moto: chombo ukikigusa nje kwa kiganja unavumilia sekunde moja au mbili tu. Mafuta ya baridi ni mazito, yanapoza polepole kuliko ya vuguvugu, jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka walijaribu. Oili chafu ya injini iache kabisa. Moshi wake una sumu na kisu hiki kitakata chakula. Kuna watakaokuambia maji ya chumvi ndiyo ya wanaume. Springi ndani ya maji hulia *ting*, sauti ndogo kama ya glasi, na huo ndio mwisho wa kazi ya siku tatu.

Toa kisu, na ndani ya sekunde mbili kiwe ndani ya mafuta: ncha kwanza, wima, chote hadi mwanzo wa mpini. Kisogeze mbele na nyuma kama unayekata mkate. Usikitikise kushoto na kulia, upande mmoja utapoa kabla ya mwingine na kisu kitapinda. Ulimi wa moto utatokea juu ya mafuta; ukizamisha chuma vizuri unazima. Usipozima, funika. Maji yasikaribie.

Hesabu hadi kumi na mbili, toa, kitazame kwa urefu kama unavyotazama ubao uliopinda. Una kama nusu dakika ambayo chuma bado kinakubali: kama kimepinda, kinyooshe kwa mikono yenye glavu za ngozi juu ya ubao, bila nyundo. Kikishapoa usikiguse tena, sasa ni kioo. Pitisha tupa kwenye makali. Iteleze bila kuuma, ikitoa sauti nyembamba. Ikiuma sehemu moja tu, sugua kidogo kwanza, huenda ni ile ngozi iliyoungua. Ikiuma kote, moto haukutosha au ulichelewa kufika kwenye mafuta. Kipashe na kukipoza hewani kama mwanzo, safari moja tu, kisha rudia.

Kukirudisha

Ndani ya saa moja kiingie oveni, kilegezwe kidogo kisivunjike kama kioo. Kisu kilichogumishwa na kulazwa hivyo hivyo usiku kucha kinaweza kukutwa asubuhi kimepasuka bila mtu kukigusa. Nyuzi 200, saa mbili, kitoe kipoe, kirudishe saa mbili nyingine. Oveni za majumbani hudanganya kwa nyuzi 20 hadi 30, kwa hiyo nunua kipimajoto kidogo cha ndani ya oveni na ukilaze kisu kwenye trei ya mchanga mkavu ili joto lisiruke. Kabla ya kukiingiza sugua kipande cha ubavu hadi king'ae. Kikitoka na njano ya bua kavu la mahindi, ni sawa. Kikiwa cha kahawia umelegeza zaidi ya lazima, bado kinafaa kwa mtu wa nyama na mifupa. Buluu ni rangi ya springi, maana yake umerudi ulikotoka.

Kwa nyuzi 200 utapata ugumu wa kiasi cha 58 kwenye kipimo cha Rockwell. Ungeweza kwenda juu zaidi, lakini fikiria atakayekinoa: kinoo cha mtaani, chini ya kikombe, au fundi wa baiskeli anayepita akipiga kengele. Chuma cha 58 kinanoleka kwa vyote hivyo.

Kama kilibaki na kupinda kidogo, hapa ndipo pa kukirekebisha. Kifunge kwa klampu kwenye kipande cha chuma kilichonyooka, uingize sarafu chini ya tumbo la mpindo ili kipindwe kinyume kwa milimita 2 hivi, kisha kiingie oveni kwa mzunguko wa pili kikiwa kimefungwa hivyo.

Bila oveni, pasha nondo nene au kipande cha reli hadi kiwe chekundu, laza mgongo wa kisu juu yake na utazame rangi zikitambaa kutoka mgongoni kuelekea makali. Njano ikigusa makali, chovya majini. Inawezekana, ila inataka jicho na kisu kisicho cha zawadi cha kujifunzia.

Wembamba

Hapa ndipo kisu kilichotengenezwa kwa mkono kinaposhinda au kuaibika. Visu vingi vya kwanza vinakata karatasi vizuri na kupasua karoti kama shoka, kwa sababu mwenye kukitengeneza alichoka kusugua. Lengo ni milimita 0.3 nyuma kidogo tu ya makali, kabla hujakinoa. Bila kipimo: bana makali kati ya kidole na ukucha ukitelezesha kutoka juu kwenda chini. Ukihisi bega, nundu ndogo karibu na mwisho, bado ni kinene.

Ukitumia grenda kwa msasa wa duara, shika bapa kwa vidole vitupu na uwe na ndoo ya maji miguuni. Vidole vikihisi joto, chovya. Makali membamba hugeuka buluu kwa sekunde moja, na penye buluu pamelegea. Dawa ni kusugua hadi uipite buluu yote. Sehemu ya mwisho ifanye kwa mkono: msasa uliofungwa kwenye kipande cha mbao ngumu, namba 120, 240, 400, ukiumwagia maji yenye sabuni kidogo. Kila namba ifute kabisa mikwaruzo ya iliyotangulia. Ukiruka kutoka 120 hadi 400 kwa haraka, ile mikwaruzo ya 120 itajitokeza siku ya kupiga picha.

Mpini

Mninga ni rahisi kufanya kazi, hautanuki na kunywea sana, na rangi yake hupendwa. Mpingo ni mzito na mgumu, unang'aa kama pembe, lakini una mafuta yake ya asili: futa uso wa kugundisha kwa thina au spiriti na upake gundi mara hiyo hiyo, la sivyo utabanduka. Vipande vidogo hupatikana kwa wachongaji; Mwenge jijini Dar es Salaam ukiulizia mabaki hukosi. Vumbi la mpingo huwasha pua na ngozi, vaa barakoa.

Mbao iwe kavu kweli. Ubao uliokaa Tanga ukienda kuishi Nairobi hunywea, na baada ya miezi miwili msuka unatokeza kingo na kuuma kiganja. Kaa na mbao ndani ya nyumba wiki kadhaa.

Kata vipande viwili, 13 kwa 3.5 kwa sentimita 1. Sawazisha uso wa ndani kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo mpaka usipenyeze mwanga. Bana kipande kimoja kwenye msuka, toboa ukipitia matundu ya msuka, ingiza fito, kisha ufanye cha pili. Sasa jambo linalosahauliwa: kingo za mbele, zile zinazotazama bapa, zikamilishe na kuzing'arisha kabla ya kugundisha. Baadaye huwezi kuzifikia bila kuchubua kisu.

Tumia epoksi ya saa 24, si ya dakika tano. Ya haraka hulegea mapema kwa maji ya moto. Kwaruza msuka kwa msasa namba 80, futa, paka pande zote na ndani ya matundu, ingiza fito zilizokwaruzwa, bana kwa klampu kwa nguvu ya kukaza tu. Ukikaza kupita kiasi unaikamua gundi yote nje. Iliyovuja kwenye bapa ifute kwa spiriti kabla haijashika.

Kesho yake chonga. Unene wa milimita 19 hivi katikati, uliopungua mbele, na umbo la yai badala ya duara ili mkono ujue makali yako wapi hata gizani. Malizia msasa namba 400, lowesha kwa kitambaa nyuzi za mbao zisimame, acha zikauke, sugua tena. Paka mafuta ya linsidi ya mafundi seremala mara tatu, siku moja kati ya kila mkono. Vitambaa vya linsidi vitandaze nje vikauke au vitie majini. Vikikunjwa pamoja kwenye kona hupata joto vyenyewe na kuwaka.

Jina, weusi na makali

Herufi za jina lake zinaandikwa kwa betri ya volti 9, ile ya mraba. Paka rangi ya kucha kwenye ubavu, ikikauka chora herufi kwa sindano hadi chuma kionekane. Changanya siki vijiko vitatu na chumvi kijiko kimoja. Waya wa chanya uguse bapa, wa hasi ufungwe kwenye pamba iliyoloweshwa. Gusisha pamba kwenye herufi sekunde tano, inua, futa weusi, rudia kwa dakika tatu. Fanya penye hewa. Osha kwa sabuni, ondoa rangi kwa asetoni.

Chuma hiki kitabadilika rangi kwa ndimu na nyanya, hutaki mwenye zawadi ashtuke. Mtangulie: osha bapa kwa sabuni hadi maji yatandazike bila kujikusanya matone, litumbukize kwenye siki ya vuguvugu dakika 15, suuza, futa. Litatoka la kijivu, na kutu halitalipenda sana.

Kunoa ni jambo la mwisho. Jiwe namba 1000, maji, na pembe ya nyuzi 15 kila upande. Kwa kisu cha kimo cha milimita 45 hiyo ni kuinua mgongo milimita 12 juu ya jiwe. Sugua upande mmoja hadi uhisi kijiukingo kikikwama kidoleni upande wa pili, kwa urefu wote wa kisu. Geuza. Malizia kwa kupapasa mkanda wa ngozi. Kisha jaribio ambalo halidanganyi: laza makali juu ya kipande cha fito ya shaba kwa pembe ile ile ya kunolea, kandamiza kidogo, ukitazama dhidi ya mwanga. Utayaona makali yakibonyea kama ukucha na kurudi. Yakimegeka ni magumu mno, rudisha oveni kwa nyuzi 215, mpini ukiwa umetolewa bila shaka, ndiyo maana wenye busara hulifanya jaribio hili kabla ya kugundisha. Yakibaki yamepinda ni laini, au uliyasugua membamba kupita kiasi.

Ala itengeneze kwa boksi gumu lililokunjwa mara mbili na kufungwa kwa gundi ya karatasi. Ngozi inapendeza ila hushika unyevu, kisu kisilale humo. Paka bapa mafuta kidogo ya kula. Anayesafiri nacho kwa ndege akiweke kwenye begi la kukabidhi, si la mkononi. Ndani ya boksi weka kinoo na karatasi yenye mistari mitatu: kioshwe kwa mkono na kufutwa papo hapo, kisilazwe kwenye sinki, kisipasulie mifupa wala nazi. Na fundi wa baiskeli akiombwa kukinoa, aambiwe alowanishe jiwe.